Kiwanda Kikikwambia "Muulize Mnunuzi": Namna ya Kumuuliza

Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, na barua zote za ng'ambo huniangukia mimi. Meneja akibanwa na madai yetu husema neno lile lile: bei na muda hupangwa na mnunuzi wa ng'ambo, yeye hana la kufanya. Zamani neno hilo lilitunyamazisha. Siku hizi nalichukua kama anwani.

Kwanza ujue unamwandikia nani. Jina la kwenye lebo si lazima liwe jina la kampuni. Piga picha lebo, katoni na hati za shehena, kisha tafuta jina kamili kwa msajili wa makampuni wa nchi husika. Yule wa Uingereza hutoa kumbukumbu zake bure mtandaoni, hata majina ya wenye usemi mkubwa ndani ya kampuni. Ukikosea hapa, barua itaishia kwa kampuni tanzu, yaani iliyo chini ya kampuni mama, isiyojua lolote.

Halafu soma kampuni mama imejisemea nini: ripoti ya mwaka, sera ya haki za binadamu, kanuni za wasambazaji. Wenzangu huziita karatasi za mapambo. Mimi huzipigia mstari. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu wanakijiji wa Chingola, Zambia, kuishtaki huko huko Uingereza kampuni mama Vedanta pamoja na tanzu yake ya shaba, na miongoni mwa yaliyopimwa ni maandishi ya Vedanta yenyewe kuhusu inavyosimamia tanzu zake. Aliyejisifu hadharani kwamba anasimamia ana kazi kubwa ya kusema hahusiki.

Sasa chagua mlango, yaani sheria ya nchi ya mnunuzi utakayoitumia kumbana. Ninaoupenda ni wa Norwei: tangu Julai 1, 2022, mtu yeyote anaweza kuiuliza kwa maandishi kampuni inayobanwa na sheria yao jinsi inavyoshughulikia haki za wafanyakazi katika mnyororo wake wa ugavi, nayo ijibu ndani ya wiki 3, au miezi 2 kama swali ni zito. Huhitaji uraia wala wakili. Ujerumani, tangu 2023, kampuni kubwa lazima ziwe na njia ya malalamiko iliyo wazi hata kwa wafanyakazi wa msambazaji. Ufaransa ina sheria ya 2017 kwa kampuni zenye wafanyakazi 5,000 nchini humo au 10,000 duniani, inayozitaka zizuie madhara kwa watu hadi kwa wasambazaji: unaipa kampuni notisi itimize wajibu wake, unasubiri miezi 3, ndipo unaweza kwenda mahakamani. Sheria ya pamoja ya Umoja wa Ulaya ya aina hii ilipitishwa 2024, lakini mwaka uliofuata tarehe zake zikasogezwa mbele; mimi bado siitegemei.

Kuandika kwenyewe ndiko kulikonishinda mwanzoni. Barua yangu ya kwanza ilikuwa kurasa 4: ovataimu, vyoo, matusi ya msimamizi, likizo zilizofutwa, vyote chungu kimoja. Nilijibiwa mistari miwili ya shukrani. Ya pili ilibeba jambo moja tu, ovataimu isiyolipwa, pamoja na tarehe, idara na idadi ya watu, kisha maswali 3: nani alikagua, aliona nini, na mtarekebisha kufikia lini. Hiyo ilijibiwa kwa nukta.

Tena usidhani yaliyosahaulika yataongezwa baadaye. Februari 2023 mahakama ya Paris iliitupa kesi iliyofunguliwa kwa sheria ile ya Ufaransa dhidi ya kampuni ya mafuta ya TotalEnergies kuhusu mradi wa mafuta wa Uganda na bomba lake linalopita Tanzania, bila kuamua nani ana haki, kwa kuwa madai yaliyofika mbele yake yalitofautiana mno na yale ya notisi ya 2019. Kwa hiyo kabla ya kutuma notisi, kaeni na mwanasheria, hata kwa saa moja.

Majina ya wafanyakazi usiyaweke. Mnunuzi akipata barua, jambo la kwanza ni kuipeleka kiwandani aulize kulikoni, na hapo meneja atasoma kila mstari. Andika "mfanyakazi wa 1", "mfanyakazi wa 2". Orodha yenye majina hukaa kabatini chamani, na ufunguo tunao wawili tu, mimi na mweka hazina.