Wakili mwenye ADHD (hali ya ubongo inayovuruga umakini): tarehe kwanza, hoja baadaye

Hukumu ikishasomwa hapa Mahakama Kuu ya Kisumu, usingoje kufika ofisini. Ukiwa bado kwenye korido, andika tarehe mbili juu ya faili kwa kalamu nyekundu: siku ya mwisho kisheria, na siku yako ya kuikamilisha kazi. Notisi ya kwenda Mahakama ya Rufaa ina siku 14. Mimi humwambia karani wangu ni 3. Rufaa kutoka kwa hakimu kuja Mahakama Kuu ni siku 30, na hizo ndizo hatari zaidi kwa akili kama yangu, maana huonekana nyingi. Madai ya ajali yana miaka 3. Hiyo ndiyo inayolaza watu kabisa!

Kuandika hati peke yangu hunishinda. Basi humketisha mwanagenzi mezani afanye kazi zake, nami nasema hoja kwa sauti, simu ikirekodi, kisha naandika nikisikiliza.

Kesi za mtandaoni zisikilize ukiwa umesimama, barua pepe imefungwa. Dawa ni maongezi yako na daktari, si ya kantini ya mahakama. Na mteja akikusimamisha sokoni Kibuye, mwambie akutumie ujumbe palepale, kabla hamjaachana.