Operesheni nne ndani ya mwaka mmoja: namna ya kuupita

Kidole tumbo changu kilipasuka mwezi wa pili. Nilipasuliwa usiku uleule, nikaambiwa baada ya wiki chache nitarudi kazini. Haikuwa hivyo. Jipu lilijitunga ndani ya tumbo, nikarudishwa kuwekewa mrija wa kutoa usaha. Mwezi wa saba utumbo ukaziba kwa sababu ya makovu ya ndani yaliyoshikana, wakanifungua tena. Kabla mwaka haujaisha, ngiri ikachomoza palepale kwenye mshono, ikabidi ishonwe na kuwekewa wavu.

Nakuandikia wewe uliye katikati ya mwaka kama huo, uliyeruhusiwa juzi na leo unahisi kuna kitu hakijakaa sawa. Mimi si daktari. Haya nimeyajua kwa kulala kitandani, na la kwanza ni daftari.

Andika mwenyewe

Niliporudishwa kwa ajili ya jipu, daktari wa zamu aliniuliza ni antibaiotiki gani iliyonitoa vipele mara ya kwanza. Nikamjibu, "Ile nyeupe, ya sindano." Alinitazama kidogo, kisha akaanza kutafuta faili langu, na faili halikuonekana hadi asubuhi. Usiku ule ndipo nilipoelewa kwamba madaktari wangu walikuwa wengi na kila mmoja alinijua kwa siku tatu au nne tu. Aliyekuwepo mwaka mzima ni mimi peke yangu.

Nunua daftari dogo lenye jalada gumu. Andika tarehe ya kila upasuaji na jina lake kama lilivyo kwenye karatasi ya ruhusa. Usipolielewa, mwombe daktari akueleze kwa sentensi moja uiandike palepale. Andika kila dawa, kipimo chake, na ile ambayo mwili wako uliikataa. Karatasi za vipimo ziingize kwenye bahasha, uibandike nyuma ya jalada. Andika pia jinsi ulivyoamka baada ya nusu kaputi. Mimi mara ya kwanza nilitapika usiku kucha, na kutapika na mshono mbichi tumboni ni maumivu ambayo simtakii mtu. Mara ya tatu nilimsomea daktari wa usingizi ukurasa ule. Akanipa dawa ya kuzuia kichefuchefu kabla sijaamka. Niliamka na kiu tu.

Huyo daktari wa usingizi mwambie yote. Jino linalocheza. Dawa za mitishamba unazotumia. Dawa za kuzuia damu kuganda, ambazo usiziache wala kuziendeleza kwa uamuzi wako. Kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kupata shida kubwa na dawa za usingizi, mtaje, maana baadhi ya shida hizo hurithiwa. Na ukiulizwa jina lako na sehemu unayopasuliwa mara tatu na watu watatu, jibu kwa sauti kila mara. Tangu 2008 Shirika la Afya Duniani lina orodha ya usalama wa upasuaji inayowataka wahakikishe hayo kabla ya kukulaza usingizi, na tena kabla ya kukata ngozi. Wanakulinda.

Mrija na namba zake

Mrija wangu ulitokea ubavuni kulia na kuishia kwenye kichupa laini cha plastiki. Nilirudi nao nyumbani. Kila asubuhi na kila jioni nilinawa mikono kwa sabuni, nikafungua kizibo, nikamimina kwenye kikombe chenye mistari ya mililita, nikakiweka mezani na kuinama hadi macho yawe sawa na mstari. Kisha nilikibonyeza kichupa kitoe hewa ndipo nikafunga. Daftari lilisoma hivi: 110, 85, 80, 60. Siku ya tatu asubuhi ikaandikwa 5.

Bila zile namba za nyuma ningefurahi, nikadhani usaha umekwisha. Lakini kutoka 60 hadi 5 kwa usiku mmoja kulinitia shaka, na mchana mwili ukaanza kuchemka. Nilipopiga simu wodini, nesi aliniuliza namba za siku zilizopita, nikamsomea. Akasema, "Njoo sasa hivi, usingoje kesho." Mrija ulikuwa umeziba. Wakausafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali, na jioni kikombe kilisoma 70. Kwa hiyo ukiwa na mrija, uogope namba inayoshuka ghafla kama unavyoogopa inayopanda. Rangi na harufu viandike pia.

Kuinuka kitandani

Hakuna aliyenifundisha hili hadi mara ya tatu, na nilistahili kulijua siku ya kwanza. Usijiinue moja kwa moja kama mtu aliyeshtuka usingizini. Misuli ya tumbo ndiyo itakayovuta mshono. Kunja magoti, geuka ubavu mwili wote kwa pamoja, teremsha miguu ukingoni, halafu jisukume kwa kiwiko na kiganja. Uzito wa miguu utakusaidia kuinuka. Kaa dakika moja kabla ya kusimama, kichwa kitulie. Mto mdogo uwe karibu siku zote: ukitaka kukohoa, kupiga chafya au kucheka, ukandamize juu ya mshono kwa mikono miwili.

Tembea mapema, hata kama ni hatua kumi hadi dirishani. Kulala muda mrefu huifanya damu igande kwenye miguu. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, sema mara moja. Ukibanwa pumzi ghafla au kifua kikichoma, hiyo ni dharura ya saa ileile.

Dawa za maumivu zimeze kwa saa ulizopangiwa, usisubiri maumivu yakushinde ndipo uzitafute, maana ukibana pumzi kwa maumivu hutakohoa wala kutembea. Soma maandishi ya kila pakiti: parasetamoli hufichwa ndani ya dawa nyingi za mafua, na mtu mzima hapaswi kupita gramu 4 kwa siku, zote zikijumlishwa pamoja. Zile kali, kama morfini na tramadoli, hufunga choo. Omba dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Baada ya upasuaji wa utumbo watakuuliza kama umetoa upepo. Usione haya, wanataka kujua kama utumbo umeamka.

Rudi hospitali bila kungoja tarehe yako ukiona wekundu unaotanuka kuzunguka mshono, joto, usaha, harufu mbaya, nyuzi zilizoachia, au homa ya nyuzijoto 38 na zaidi.

Ya pili ndiyo iliyonivunja

Upasuaji wa kwanza watu walijaa. Wa pili walipungua, nami nilikuwa nimechoka kuliko mara ya kwanza, kwa sababu nilikwisha kujihesabu mzima. Nililia siku mbili mfululizo nikiwa nimegeukia ukuta. Ikikukuta hivyo, ujue si imani haba wala uvivu. Ikizidi wiki mbili, ukawa hulali, huli, huoni maana ya kesho, mwambie daktari kama unavyomwambia kuhusu homa.

Kilichonisaidia ni kuwapa watu kazi yenye jina. Mdogo wangu alikuwa akisema kila siku, "Dada, ukihitaji chochote niambie," nami nikijibu, "Asante, niko sawa." Siku moja nikamwambia: "Jumanne na Ijumaa njoo unioshe nywele." Alifurahi kuliko mimi. Aliyekuja na maswali mengi nilimpa simu yangu awajibu wengine kwa niaba yangu. Kazini peleka barua ya daktari mapema, kila mara, na ubaki na nakala.

Ngiri ilipotokea nilijilaumu: labda niliinua kitu, labda nilikohoa vibaya. Nilimuuliza daktari mpasuaji. Akaniambia mshono uliowahi kupata maambukizi huwa dhaifu, na kwamba kovu, hata likipona vizuri, halirudishi nguvu zote za awali. Hufika kama asilimia 80 hivi. Nilibeba lawama hiyo miezi miwili bure. Uliza mapema.

Kabla ya ule wa nne nilimwekea maswali matatu, na nakuachia uyatumie. Tukisubiri, nini kinaweza kutokea? Mkifungua mkakuta tofauti na mlichotarajia, mtafanya nini? Nitaamka nikiwa na nini mwilini: mrija, mpira wa mkojo, dripu? Niliogopa mara ya nne kuliko ya kwanza, maana sasa nilijua kila hatua. Lile swali la tatu lilinitoa nusu ya hofu. Nilipoamka na kugusa mpira wa mkojo sikushtuka, nilikuwa naungoja.

Siku ya kliniki ya mwisho usitoke hadi uambiwe uzito gani usiinue na kwa wiki ngapi. Mimi nilipewa sita. Na kama tumbo lako limewahi kufunguliwa, ujue makovu ya ndani yanaweza kuziba utumbo hata baada ya miaka mingi. Tumbo likisokota kwa mawimbi, likijaa, ukitapika, na choo na upepo vikakatika, usile, usinywe dawa ya kukufanya uharishe, nenda hospitali. Ukifika mapokezi, sentensi ya kwanza iwe hii: "Nimewahi kupasuliwa tumbo." Kisha fungua daftari.