Namna ya Kuhamishia Kumbukumbu za Nyumba ya Wageni ya Lamu kwenye Wingu

Mwenye nyumba ya wageni Mkomani au Shela anayekusudia kuhamishia kazi zake kwenye wingu, yaani kuziweka kwenye kompyuta za kampuni nyingine zinazofikiwa kwa intaneti, asianze kwa kutafuta kampuni ya bei nafuu, bali aorodheshe kwanza kumbukumbu alizo nazo: daftari la vyumba, ankara, mishahara na nakala za pasipoti. Kwa biashara ya kiasi hiki, kinachofaa kwa kawaida ni programu iliyo tayari, inayolipiwa kwa mwezi na kutumiwa kupitia intaneti, wala si kukodi seva tupu, yaani kompyuta ya mbali isiyo na programu, itakayomhitaji fundi kila mara. Hewa ya chumvi ya kisiwani hula mashine, na hiyo pekee ni sababu tosha ya kutoiachia kompyuta moja ya mapokezi amana yote.

Ahamishe kumbukumbu za aina moja tu kwanza. Mimi ningechagua daftari la vyumba, kwa sababu kosa lake huonekana upesi: wageni wawili hufika na mizigo yao wakidai chumba kimoja. Kazi hiyo ifanywe wakati wa masika, wageni wanapopungua, na daftari la karatasi liendelee kuandikwa sambamba kwa mwezi mzima, yote mawili yakilinganishwa kila jioni.

Jambo linalotaka uangalifu kuliko mengine yote ni umiliki wa akaunti. Mara nyingi mpwa anayejua kompyuta ndiye anayeifungua, kwa barua pepe na namba ya simu yake mwenyewe, na siku akipata kazi Mombasa, mwenye mali hubaki akimbembeleza kwa simu amfungulie hesabu zake. Kwa hiyo ifunguliwe barua pepe ya biashara. Mwenye mali awe msimamizi mkuu, na mtu mmoja anayeaminika awe msimamizi wa akiba. Kila mfanyakazi apewe nywila yake na ruhusa zinazolingana na kazi yake tu, kwa kuwa nywila moja ya watu wote haiwezi kuonyesha ni nani aliyefuta ankara. Uthibitishaji wa hatua mbili, unaodai msimbo wa pili baada ya nywila, uwashwe, na misimbo yake ya dharura iandikwe karatasini na kufungiwa kabatini.

Intaneti nayo haina dhamana. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilizopita chini ya bahari zilipata hitilafu, na mtandao ukazorota Afrika Mashariki, hivyo laini mbili za kampuni tofauti husaidia lakini hazimalizi tatizo. Ichaguliwe programu inayoendelea kufanya kazi mtandao unapokatika, ruta iwekewe betri, na kila asubuhi ichapishwe orodha ya wageni wa siku hiyo na ya kesho.

Kisheria, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamgusa moja kwa moja. Biashara zenye mapato yasiyofikia shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 zimesamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data, ila msamaha huo hauzihusu biashara za ukarimu. Amuulize mtoa huduma data itakaa nchi gani, kwani kuipeleka nje ya Kenya, hata Johannesburg au Cape Town, kuna masharti yake. Data ikivuja na wageni wakawa hatarini, Kamishna hupaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Nakala za pasipoti zisizohitajika tena ni afadhali zifutwe.

Bei nyingi hutajwa kwa dola, basi ankara ya mwezi itapanda shilingi ikidhoofika. Kabla ya kutia saini, ahakikishe anaweza kupakua data yake yote katika mafaili ya kawaida. Kila mwezi nakala iwekwe kwenye diski inayotunzwa nyumba nyingine, na mara kwa mara ifunguliwe kwenye kompyuta tofauti ili ijulikane kuwa inasomeka. Akiamua kuihama huduma, apakue ankara zote kabla ya kufunga akaunti, kwa kuwa sheria ya kodi hutaka kumbukumbu hizo zitunzwe kwa miaka 5.