Kabla ofisi haijawasha mfumo mpya: mambo ya kuweka sawa mapema

Mwaka 2016, serikali ya Tanzania ilipoendesha uhakiki wa watumishi, majina zaidi ya 10,000 ya watumishi hewa yaliondolewa kwenye orodha ya mishahara. Orodha hiyo haikuwa kwenye daftari. Ilikuwa ndani ya mfumo wa kompyuta, ule watumishi waliouzoea kwa jina la Lawson, na ulikuwa umeshatumika kwa miaka kadhaa. Mfumo ulimlipa kila aliyekuwa na jina ndani yake. Aliyefariki, aliyestaafu, aliyeacha kazi kimyakimya: kama mwajiri wake hakupeleka taarifa ya kumwondoa, mshahara uliendelea kutoka. Mwaka uliofuata vyeti vya watumishi vililinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani la Taifa, na watumishi 9,932 wakabainika kuwa na vyeti vya kughushi.

Nayataja haya kwa ajili ya mkuu wa taasisi, mkurugenzi wa halmashauri au afisa TEHAMA ambaye mwaka huu wa fedha ana mfumo kwenye bajeti yake. Wengi wao huanza kwa kuuliza seva zitanunuliwa wapi na mtaalamu atapatikana lini. Mimi naamini sehemu kubwa ya mafanikio au hasara huamuliwa kabla hata kompyuta moja haijafunguliwa kwenye boksi, na huamuliwa na watu ambao mara nyingi hawaalikwi kwenye kikao.

Anzeni masjala. Chagueni huduma moja tu inayoombwa sana, tuseme kibali cha ujenzi au uhamisho wa milki ya kiwanja, kisha chukueni majalada kumi ya huduma hiyo yaliyokamilika karibuni. Fungueni jalada moja baada ya jingine, soma madokezo kuanzia folio ya kwanza, na kwenye karatasi pembeni andikeni tarehe ya kila dokezo, cheo cha aliyeliandika na alichoamua. Barua iligongwa muhuri wa kupokelewa lini? Iliingia kwenye jalada lini? Ilifika kwa mkuu wa idara lini, ikashuka kwa afisa lini, ikarudi juu mara ngapi?

Zoezi hili linachosha na halina bajeti, ndiyo maana huachwa. Lakini hakuna andiko la mradi litakalowaonyesha mtakayoyaona humo. Mtaona majalada ambayo kazi yake yenyewe ilihitaji saa chache, na siku zote zilizobaki yalikuwa yamelala juu ya meza ya mtu aliyesafiri. Mtaona maombi yaliyorudishwa kwa mwananchi kwa sababu ya kiambatisho ambacho hakuna aliyemwambia siku ya kwanza. Na mtaona madokezo matatu au manne mfululizo yasiyoamua chochote, yanayosema tu "tafadhali shughulikia" au "kwa hatua zako", jalada likishuka ngazi moja kila mara.

Kila dokezo la namna hiyo liwekeeni alama, kisha muulizane: hatua hii ikiondolewa, ni sheria au kanuni gani itavunjwa? Kama hakuna, iondoeni sasa, mngali kwenye karatasi. Msipofanya hivyo, mtaalamu atakayejenga mfumo atachora hatua zote jinsi alivyoelezwa, na mwananchi aliyekuwa akisubiri jalada lizunguke meza saba atasubiri ombi lake lizunguke skrini saba. Ubaya ni kwamba hatua ikishaingia kwenye mfumo, kuitoa ni kazi ya mkataba na fedha. Kwenye karatasi ingetosha waraka wa ndani wa ukurasa mmoja.

Katika zoezi hili, mtu wa kukaa naye ni mtunza kumbukumbu. Anajua ni afisa gani hukaa na majalada, ni barua zipi hufika bila namba, ni jalada lipi lina majuzuu mawili na moja limepotea. Mpeni kiti kwenye kamati, si cha kuandika mihtasari bali cha kutoa maoni.

Jambo la pili ni mamlaka ya kuidhinisha, na hapa ndipo ningependa taasisi zikae kwa muda mrefu kuliko zinavyokaa. Kwenye karatasi, bosi akisafiri, msaidizi wake husaini "kny", yaani kwa niaba yake, na kazi inaendelea. Kwenye mfumo, ofisi nyingi hukuta hazikujiandaa kwa siku hiyo, kwa hiyo bosi humwachia katibu muhtasi nywila yake. Kuanzia hapo kila idhini inabeba jina la mtu ambaye hakuiona. Mkaguzi akija baada ya mwaka, aliyeidhinisha atasema hakuwepo, aliyebonyeza atasema alitumwa, na wote wawili watakuwa wanasema kweli. Katibu muhtasi ndiye mwenye cheo kidogo, na mara nyingi ndiye lawama itakayomwangukia. Si haki kumwingiza mtu kwenye hatari hiyo kwa sababu ofisi ilichelewa kupanga.

Tayarisheni mapema orodha ya kukaimu: nani anamkaimu nani, kwa barua ya nani, kuanzia tarehe ipi hadi ipi, na kwa malipo yasiyozidi kiasi gani. Orodha hiyo ipitishwe na Afisa Masuuli, yule anayewajibika kwa fedha za taasisi, kisha ndipo mjenzi wa mfumo apewe. Pamoja nayo amueni kwamba siku mtumishi anapopewa barua ya uhamisho, kustaafu au kusimamishwa, nakala ifike kwa afisa TEHAMA siku hiyohiyo ili akaunti yake ifungwe. Watumishi hewa wa 2016 walitokana na pengo kama hilo, kati ya ofisi inayojua kwamba mtu ameondoka na mashine isiyojua.

Taarifa zenyewe zisafishwe kabla ya kuhamishwa. Halmashauri inayotaka kukusanya ada za vibali vya ujenzi au za leseni kwa mfumo itakuta kwenye leja zake mtu mmoja ameandikwa Mohamed, Mohamedi na Muhammad, itakuta viwanja kwa majina ya marehemu, na namba za simu zilizokwisha kufungwa. Msiingize kila kitu mkitegemea mtarekebisha baadaye. Pangeni ni nani mwenye kuthibitisha kila aina ya taarifa: mpima kwa mipaka, afisa biashara kwa leseni, mtendaji wa mtaa kwa makazi. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, inasaidia sana kutofautisha watu wenye majina yanayofanana, lakini wapo wananchi ambao bado hawanayo, kwa hiyo njia yao iandaliwe tangu mwanzo, wasirudishwe nyumbani. Taarifa isiyothibitika iachwe nje na iwekewe alama.

Kuhusu vibali sitasema mengi, kwa kuwa sheria iko wazi. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, na miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma inapaswa kupita kwake kabla ya kuanza. Nendeni mapema, andiko likiwa bado linaweza kubadilika. Sababu kubwa ni kwamba huenda mnachotaka kujenga kipo tayari. Malipo ya mwananchi kwa serikali yanapita GePG, mfumo wa pamoja wa kupokea malipo, tangu 2017, na mwananchi wa kawaida ameshazoea kuomba kontroo namba na kulipa kwa simu. Ununuzi wa umma ulihamia mfumo wa NeST mwaka 2023. Kwa kubadilishana taarifa kati ya mifumo ya taasisi kuna GovESB. Taasisi inayojijengea mlango wake wa malipo au rejesta yake ya watu inapoteza fedha, na inamfanya mwananchi ajaze upya taarifa ambazo serikali inazo.

Sasa watumishi. Mageuzi ya utumishi wa umma Tanzania hayakuanza na kompyuta. Programu ya Mageuzi ilianza mwaka 2000, Sheria ya Utumishi wa Umma ikapitishwa 2002, na mwaka 2004 ukaja OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji. Wazo la OPRAS lilikuwa zuri: mtumishi na msimamizi wake wakae, wakubaliane malengo, wapimane katikati ya mwaka na mwishoni. Katika ofisi nyingi fomu zilijazwa mwezi Juni kwa ajili ya kuwekwa kwenye jalada, na mazungumzo hayakufanyika. Mwaka wa fedha 2023/24 OPRAS ikaiachia nafasi PEPMIS, ambako mtumishi huingiza kazi zake mtandaoni na msimamizi huzipima. Mfumo mpya unaonyesha ni nani hajajaza. Hauwezi kuonyesha kama mazungumzo yalifanyika, na msimamizi asiyejua watu wake wanafanya nini Jumatatu hadi Ijumaa atabonyeza alama bila msingi kwenye skrini kama alivyofanya kwenye karatasi.

Kwa hiyo, kabla ya mwaka wa fedha kuanza, kila mkuu wa kitengo akae na watu wake wagawane kazi kwa maneno ya kawaida: nani anafanya nini, kwa nani, na itajulikanaje imekwisha. Yakishakubalika mezani, kuyaingiza kwenye mfumo ni kazi ya nusu saa.

Wapo pia watumishi wenye hofu, na hofu yao ina sababu. Karani aliyepokea barua kwa miaka mingi akisikia "ofisi mtandao" anajiuliza atabaki na kazi gani. Ajibiwe waziwazi na mapema, kwa maandishi: atahamia kuskani na kuthibitisha nyaraka, au dawati la msaada, au mafunzo ya kada nyingine. Asipojibiwa, atajilinda kwa njia anayoijua, yaani kuendelea na rejesta yake pembeni. Na mafunzo yafanyikie kwenye meza yake, kwa jalada halisi la wiki hiyo, akiwa na mtu wa kumuuliza siku inayofuata. Semina ya siku mbili ukumbini haitoshi kwa mtu ambaye atakutana na tatizo la kwanza wiki tatu baadaye.

Taarifa binafsi zina sheria yake, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, pamoja na Tume ya kuisimamia. Kila kisanduku cha fomu kipitiwe: tunahitaji dini ya mwombaji kwa ajili gani? Jina la mama? Picha? Kisicho na sababu kitolewe. Jirani zetu Kenya walilipia somo hili kwa gharama kubwa: Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema utoaji wa Kadi ya Huduma, kadi mpya ya utambulisho, ni batili kwa kuwa tathmini ya athari kwa taarifa binafsi haikufanywa kwanza, baada ya mamilioni ya watu kuwa wameshaandikishwa.

Siku ambayo mfumo hautakuwa hewani nayo ipangwe. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu kwenye mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilizorotesha intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, ilishambuliwa na wadukuzi na huduma zikasumbua kwa siku kadhaa. Iwepo fomu ya dharura yenye namba mfululizo, ajulikane nani anatangaza kwamba sasa tunaitumia, na nani ataingiza fomu zile kwenye mfumo ukirudi na kwa muda gani. Nakala ya akiba ya taarifa ijaribiwe kurejeshwa kabla ya uzinduzi. Nakala ambayo hakuna aliyewahi kuirejesha haiwezi kutegemewa.

Mwananchi je? Tembeleeni steshenari zilizo karibu na ofisi yenu. Mtawakuta vijana wanaowajazia watu maombi ya mtandaoni kwa malipo: vyeti vya kuzaliwa, mikopo ya wanafunzi, ajira. Mara nyingi kijana ndiye anayetengeneza barua pepe ya mteja na kuchagua nywila, na mteja anaondoka na karatasi bila kujua ameacha nini nyuma. Mama aliyetoka kijijini hana kosa hapo, huduma ilihamishwa bila kuandaliwa njia yake. Wekeni dawati la msaada ndani ya ofisi, lenye mtumishi na kompyuta, bila malipo. Pale huduma inapoweza kupita kwenye simu ya kitochi kupitia *152*00#, ipitisheni huko. Mkataba wa Huduma kwa Mteja unaoning'inia mapokezi ubadilishwe uendane na siku mpya, maana mwananchi ana haki ya kuushikilia.

Kwenye bajeti, ulizeni nani atalipia intaneti, matengenezo na leseni miaka mitatu baada ya uzinduzi, hasa kama mfadhili ndiye aliyeanza. Msimbo wa programu uwe mali ya taasisi, na mkataba useme hivyo.

Mwisho, pangeni tarehe ya kufunga daftari. Ofisi inayoendesha leja na mfumo kwa pamoja bila kikomo hupata hesabu mbili zisizolingana, na kila mtu huchagua inayomfaa. Mkuu wa taasisi atoe waraka wenye tarehe, leja ipigwe mstari baada ya ingizo la mwisho, isainiwe na mtunza leja, msimamizi wake na mkaguzi wa ndani. Isichomwe, wala isitupwe stoo. Kumbukumbu za umma zinaongozwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002, kwa hiyo mtunza kumbukumbu awasiliane na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kujua kipi kihifadhiwe na kwa miaka mingapi, na apewe chumba kikavu cha kuviweka kabla tarehe hiyo haijafika.