Namna ya Kufundisha Uunganishaji Mbadala wa Jeni katika Seli za Neva

Mwalimu wa kidato cha sita hapa Moshi asiye na maabara aandae ukanda mrefu wa karatasi ya manila, uwe mfano wa nakala ya jeni: sehemu nyeupe ziwe introni (vipande vinavyoondolewa) na za rangi ziwe eksoni (vipande vinavyobaki na kuunganishwa). Wanafunzi wakate na kuondoa nyeupe, kisha kila kundi liunganishe za rangi kwa uteuzi wake, ili waone jinsi jeni moja inavyozaa protini nyingi; huo ndio uunganishaji mbadala.

Ndipo awape jeni ya Dscam1 ya nzi wa matunda, mfano bora kuliko yote: ina mafungu manne yenye eksoni 12, 48, 33 na 2, na kila fungu huchangia moja tu. Wazidishe wenyewe mpaka wafikie aina 38,016 za protini zinazowezekana. Matawi ya seli moja ya neva, kwa kuwa yamebeba aina zilezile za protini hizo za Dscam1, hutambuana na kukwepana, hivyo hutawanyika badala ya kusongamana.