Somo: Kumpa mwenza sungura aliyepona ukurutu

Wafugaji wenzangu, ukurutu ukishamtoka sungura, tunafurahi na tunakimbilia kumtia mwenzake bandani. Naelewa haraka hiyo, kwa sababu sungura ni mnyama wa kundi na upweke unamdhoofisha, hasa akiwa ametoka kuugua. Lakini ngozi huonekana safi kabla ugonjwa haujaisha, na hapo ndipo sungura wawili huugua badala ya mmoja. Fuateni hatua hizi bila kuruka hata moja.

Hatua ya 1: Hakikisha amepona

Ukurutu unaletwa na utitiri. Wa masikioni hujenga magaga mazito ndani ya sikio. Wa mwilini huanzia puani, midomoni na vidoleni. Sindano ya ivermektini huua utitiri walio hai lakini haiui mayai, ndiyo maana daktari wa mifugo huirudia baada ya siku 10 hadi 14. Ukiishia sindano ya kwanza kwa kuwa magaga yamedondoka, mayai yataanguliwa na utarudi ulikoanzia.

Mimi nashauri wiki nne kamili tangu sindano ya mwisho. Katika muda huo mchunguze: sikio ni safi hadi ndani, hatikisi kichwa, manyoya yameota penye vipara, kinyesi ni vigololi vikavu. Mpime kila wiki kwa mizani. Kama uzito haujarudi ulivyokuwa, mwenza asubiri.

Na tafadhali sana, dawa za viroboto vya mbwa zenye fipronili zisimguse. Zinaua sungura.

Hatua ya 2: Banda

Utitiri wa masikioni anaweza kuishi nje ya mwili wa sungura hadi wiki tatu hivi. Choma matandiko yote. Mbao na wavu vimwagie maji yanayochemka, sugua pembeni na kwenye nyufa, kisha anika juani. Maji hayo ya moto yana faida nyingine: yanaua vijimayai vya koksidia (vimelea vya tumboni), ambavyo dawa nyingi za kusafishia haziviwezi.

Hatua ya 3: Chagua mwenza

Wanaoelewana kirahisi ni jike na dume aliyehasiwa. Dume akihasiwa akae peke yake wiki nne hadi sita, maana mbegu hubaki mwilini mwake na hasira za kiume hazipoi siku hiyohiyo. Jike aliyetoka kuugua asipewe dume asiyehasiwa: mimba ya siku 31 na kunyonyesha vitammaliza. Madume wawili wasiohasiwa usiwajaribu kabisa, wataumana hadi kuchanana korodani.

Mwenza anayetoka sokoni au kwa mfugaji mwingine akae mbali siku 30. Mhudumie mwisho, kisha nawa mikono.

Hatua ya 4: Wazoeane kwa harufu

Weka vizimba viwili vikitazamana, na nafasi katikati ili pua zisifikiane. Sungura huumana hata kupitia kwenye wavu. Mfute mmoja kwa kitambaa, mpelekee mwenzake alalie, nawe ufanye hivyohivyo upande wa pili. Baada ya siku kadhaa wabadilishane vizimba. Wape chakula kwa wakati mmoja, kila mmoja akimwona mwenzake anakula. Wakianza kulala wamejinyoosha, kila mmoja upande wake, wako tayari.

Hatua ya 5: Siku ya kukutana

Hapa ndipo pa kutulia. Usimwingize mgeni kwenye banda la mwenyeji, hasa mwenyeji akiwa jike, kwa sababu jike hulinda makao yake kwa meno na kucha. Tafuta mahali ambapo hakuna hata mmoja aliyewahi kukojoa: chumba kitupu, au ua mdogo uliozungushiwa wavu. Tandika gunia wasiteleze, mwaga majani ya mchunga na ya mashona nguo sehemu mbalimbali, weka boksi lenye matundu mawili ili anayekimbia asibanwe.

Waachie pamoja, nawe ukae chini karibu yao. Kufukuzana kidogo, kupandana, kung'oa manyoya machache, hayo yasikutishe. Wanapanga nani mkubwa. Hata jike humpanda dume kwa sababu hiyo. Akipanda upande wa kichwani mtoe, kwani aliye chini anaweza kumng'ata sehemu za siri. Dalili ya hatari ni masikio kulazwa nyuma na mkia kuinuliwa, halafu wakaanza kuzungukana kwa kasi. Watenganishe papo hapo kwa ubao au fagio, kamwe si kwa mkono mtupu.

Mara ya kwanza dakika 10 zinatosha. Maliza wakiwa wametulia. Kesho ongeza.

Hatua ya 6: Kuhamia pamoja

Wakilambana na kulala wamegusana bila ugomvi kwa siku kadhaa mfululizo, wahamishie banda lililosafishwa, wote wawili kwa wakati mmoja.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Njombe: Mwalimu, huku kwetu ni ukungu na baridi, banda halikauki. Nifanyeje?

Jibu: Baridi na unyevu humrefushia utitiri maisha, kwa hiyo umakini wako uongezeke. Kama mbao ni kuukuu na zina nyufa, zichome, mtengenezee kizimba kipya. Kama huwezi, rudia maji yanayochemka na uliache banda tupu zaidi ya wiki tatu.

Mwanachama wa Morogoro: Wangu walikuwa pamoja tangu wadogo, nikamtenga mgonjwa. Hao si wanajuana tayari?

Jibu: Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Anarudi na harufu ya dawa na ya mahali pengine, na mwenzake anaweza kumpokea kama adui. Anza hatua ya 4. Kwa waliozoeana huenda ikawa fupi. Na yule aliyebaki alitibiwa? Waliolala banda moja hutibiwa wote, hata asiyejikuna.

Mwanachama wa Thika: Wangu hakuwa na ukurutu, alikuwa na mafua, usaha puani. Sasa amekauka.

Jibu: Hilo ni gumu zaidi. Bakteria wa mafua ya sungura, Pasteurella, mara nyingi hubaki puani hata baada ya usaha kukauka, na uchovu au hofu huwaamsha. Usimletee mgeni kutoka nje. Kama unaye sungura aliyeishi naye tangu kabla hajaugua, huyo ndiye mwenza wake, baada ya daktari kuwaona wote wawili.

Mwanachama wa Bukoba: Nina simbilisi mmoja yuko peke yake. Nimweke na sungura wangu?

Jibu: Hapana, dada. Sungura hubeba bakteria wa Bordetella bila kuugua, lakini kwa simbilisi ni nimonia inayoua. Teke moja la sungura pia linamvunja mbavu. Mtafutie simbilisi mwenzake.