Gari inagoma kuwaka ukitoka kujaza mafuta? Cheki hii vavu ya mvuke wa petroli (purge valve) kwanza

Wakuu, hii nimejifunza juzi hapa Tanga kwa gari ya zamani ambayo kila ikitoka sheli tenki limejaa unapiga stata weee haiwaki mpaka ukanyage mafuta, na harufu ya petroli juu. Kabla hujashawishiwa kununua pampu fanya hivi: injini ikiwa ya baridi iwashe, usikanyage mafuta, chomoa ule mpira mwembamba unaotoka kwenye kopo la mkaa kuja kwenye hiyo vavu, ndogo ya umeme karibu na manifodi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini), halafu ziba mdomo wa vavu (wa vavu, sio wa mpira) na kidole. Ikinyonya, vavu imekwama wazi, badilisha. Kopo linanasa mvuke wa tenki, na vavu inatakiwa iuachie kwenda kuungua pale tu kompyuta ikiruhusu, sasa ikikwama wazi na tenki umelijaza mvuke wote unamiminika manifodi, petroli inazidi hewa, ndo maana ukikanyaga inawaka, umeongeza hewa. Injini ikishapata moto usipime, kompyuta yenyewe inaifungua kwa vipindi utadhani mbovu kumbe nzima. Na kipimo hiki hakioni mpira uliopasuka wala mfuniko wa tenki wenye raba iliyokauka, kwa hiyo kama kidole hakivutwi na mashine ya kupima kompyuta ya gari inasoma kodi P0455 (mvuke unavuja sana) anza na mfuniko. Sigara mbali jamani, huo ni mvuke wa petroli.